Kibarua cha mwanafunzi: saa ngapi, kazi gani, fedha ya nani?

Kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti walipita katika kaya zaidi ya 900 mkoani Kagera, Tanzania, wakiuliza jambo ambalo wazazi wachache huliwekea kumbukumbu: wiki iliyopita mtoto wa nyumba hii alifanya kazi saa ngapi? Walihesabu saa za shambani, za kuchunga, za kuchota maji na za jikoni. Mwaka 2004 wakarudi kuwatafuta watoto wale wale, sasa wakiwa vijana na watu wazima, wengine tayari wana kaya zao.

Wachumi Kathleen Beegle, Rajeev Dehejia, Roberta Gatti na Sofya Krutikova walizichambua takwimu hizo kwa uangalifu. Hawakuishia kuwalinganisha watoto waliofanya kazi nyingi na waliofanya kazi chache, maana huenda makundi hayo yalikuwa tofauti tangu mwanzo. Waliitumia misimu ya mavuno kuharibika na mvua kwenda kombo, nyakati ambapo mtoto anaongezewa kazi bila yeye wala mzazi wake kupanga. Kwa wavulana, nyongeza ya saa 5.7 za kazi kwa wiki iliwapotezea takriban mwaka mmoja wa masomo, ikaongeza uwezekano wa kubaki wakulima na wa kuoa wakiwa wadogo zaidi.

Saa 5.7 kwa wiki hazifiki saa moja kwa siku.

Watoto waliofuatiliwa Kagera walikuwa na umri wa miaka 7 hadi 15, na kazi zao zilikuwa za nyumbani na shambani, hazikuwa ajira za dukani. Hata hivyo matokeo yale yanapaswa kubadilisha namna tunavyojadili kazi za wanafunzi wa sekondari. Suala hili likiibuka barazani au kwenye kikao cha wazazi, upande mmoja hutetea kibarua kwa kuwa kinamkomaza kijana na kumfundisha thamani ya shilingi. Upande wa pili hujibu kwamba mshika mawili moja humponyoka, kwa hiyo mwanafunzi asome tu. Pande zote mbili husahau kwamba wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki tayari wanafanya kazi. Wapo kwenye genge la mama, duka la mjomba, shamba la bibi na foleni ya maji bombani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba Tanzania Bara ilikuwa na watoto takriban milioni 4.2 wa miaka 5 hadi 17 katika utumikishwaji, sawa na asilimia 29 hivi ya watoto wa umri huo, na walio wengi mno walikuwa kwenye kilimo. Kwa hiyo swali la maana zaidi ni saa ngapi, kazi gani, na fedha inayopatikana ni ya nani.

Sheria inasema nini

Wazazi wengi hudhani sheria inakataza kabisa mtu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi ya malipo. Sivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara inamruhusu mtoto aliyefikisha miaka 14 kufanya kazi nyepesi, yaani ile isiyodhuru afya na ukuaji wake, wala kuathiri mahudhurio yake shuleni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema vivyo hivyo, na mwajiri anayeikiuka anaweza kutozwa faini, kufungwa au vyote viwili. Kenya, kupitia Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inaruhusu kazi nyepesi kwa wenye umri wa miaka 13 hadi 16. Mizizi ya sheria hizi ni Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1973, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1998.

Mipaka ya Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara iko wazi. Kazi inayozidi saa 6 kwa siku inahesabiwa kuwa ya kinyonyaji, na hali kadhalika ile ambayo mtoto halipwi ujira unaostahili. Mtoto haruhusiwi kufanya kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Zipo pia kazi zilizofungwa kabisa kwa walio chini ya miaka 18, zikiwemo za baharini, migodini na machimboni, kubeba mizigo mizito, viwanda vinavyotumia kemikali, sehemu zenye mitambo, na kazi za baa, hoteli na kumbi za starehe.

Lakini ukomo wa saa 6 kwa siku ni kinga dhidi ya unyonyaji tu. Hauelezi ni kiasi gani cha kazi ambacho mwanafunzi anaweza kukibeba na bado akasoma.

Mstari wa saa 20

Marekani imelichunguza jambo hili kwa miongo mingi, kwa kuwa huko kazi za dukani na mgahawani ni sehemu ya kawaida ya maisha ya wanafunzi wa sekondari. Sheria ya shirikisho inamruhusu kijana wa miaka 14 au 15 kufanya kazi saa 3 tu kwa siku ya shule, na zisizozidi 18 kwa wiki ya masomo. Mwanasaikolojia Laurence Steinberg na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa majimbo ya Wisconsin na California mwishoni mwa miaka ya 1980. Waligundua kwamba waliochukua kazi za zaidi ya saa 20 kwa wiki walikuwa tayari hawaipendi sana shule kabla ya kuajiriwa, na kazi ikazidi kuwatenga nayo. Walioacha kazi hizo ndefu walianza kuimarika tena darasani.

Wanaotetea kibarua nao wana ushahidi wao. Mwaka 1988, mwanasosholojia Jeylan Mortimer alianza kuwafuatilia wanafunzi wapatao 1,000 wa mji wa St. Paul, Minnesota, na akaendelea nao hadi utu uzima. Waliofanya kazi kwa mfululizo lakini kwa kiasi, bila kuvuka saa 20 kwa wiki, hawakuachwa nyuma. Hata miongoni mwa wale ambao hapo mwanzo hawakuonekana kuwa na mwelekeo wa kufika mbali kimasomo, waliofanya kazi kwa mtindo huo walikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupata shahada. Kwao, kazi ilikuwa shule ya pili ya kupanga muda, kufika kwa wakati na kuelewana na watu wazima wasio ndugu zao.

Saa 20 za Minnesota, hata hivyo, haziwezi kuhamishiwa Mbagala au Muleba zilivyo. Tuchukue mwanafunzi wa shule ya kutwa anayeamka saa 11 alfajiri. Yuko shuleni kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9 alasiri, hizo ni saa 7 na nusu. Kwenda na kurudi, kwa miguu au kwa kugombania daladala, ni saa 2. Kula, kuoga na ibada ni saa 1 na nusu, na kazi za shule apewe saa 2. Kwa umri wake anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, tuseme 9. Jumla ni saa 22. Saa 2 zilizobaki ndizo za kufua, kuosha vyombo, kuchota maji na kumwangalia mdogo wake. Kibarua cha saa 3 kila jioni hakina pa kukaa isipokuwa juu ya usingizi au juu ya masomo.

Na usingizi si kitu cha kuibwaibwa katika umri huu. Wakati wa balehe mwili huchelewa kutoa melatonini, homoni inayoleta usingizi, hivyo kijana hawezi kusinzia mapema hata akilazimishwa. Ubongo nao huyaimarisha aliyojifunza mchana pale mwili unapolala. Mwanafunzi anayefunga duka saa 4 usiku na kuamka saa 11 alfajiri ataonekana darasani, jina lake litaitwa na ataitika, lakini somo halitakaa kichwani.

Kazi hazilingani

Saa 6 za Jumamosi kwenye duka la vifaa vya shule zinaweza kumfundisha kijana kuhesabu faida, kuandika daftari la mauzo na kuzungumza na mteja aliyekasirika. Saa 6 hizo hizo kwenye shamba la tumbaku ni habari nyingine: nikotini iliyo kwenye majani mabichi hupenya kwenye ngozi, hasa majani yakiwa na umande, na kumletea mvunaji kizunguzungu na kutapika. Kwenye machimbo madogo ya dhahabu hatari ni kubwa zaidi. Zebaki inayotumika kukamata dhahabu, ikichomwa, hutoa mvuke unaoharibu mfumo wa fahamu, na mwili wa kijana unaokua huathirika zaidi. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza jinsi watoto wa Tanzania walivyokuwa wakishika zebaki kwa mikono na kuingia mashimoni.

Kati ya ncha hizo mbili zipo kazi ambazo jamii imezizoea mno: kuwa saidia fundi kwenye ujenzi, kubeba zege, kupiga debe stendi, kuhudumia wateja baa. Kazi hizi hazimwachii mwanafunzi ujuzi wa kujivunia, na baadhi zimekatazwa waziwazi na sheria.

Tanzania ina historia yake ya kuthamini kazi ndani ya elimu. Katika Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule ziwe pia mahali pa uzalishaji, ili msomi asijione yuko juu ya mkulima. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imerudisha uzito huo kwa kuanzisha mkondo wa amali katika sekondari. Kazi ya aina hii ina mwalimu na ratiba, na lengo lake ni kujifunza. Mjomba anayemweka mpwa wake dukani hana budi kujiuliza kama kazi anayompa inayo walau mawili kati ya hayo.

Fedha na mabinti

Ada ya sekondari hadi Kidato cha Nne katika shule za serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016. Sare, daftari, nauli na chakula bado vinagharimu, na wanafunzi wengi hutafuta kibarua kwa ajili hiyo. Kijana anayefanya kazi wakati wa likizo ili anunue viatu vya shule anaitumikia elimu yake. Hali ni tofauti pale kipato chake kinapogeuka tegemeo la unga wa nyumbani, kwa kuwa siku mtihani utakapokaribia hataweza kuacha kazi. Mzigo huo ni wa watu wazima na wa serikali. Ndiyo maana ruzuku za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kwa kaya maskini, ambazo sehemu yake ina sharti la mahudhurio shuleni, zina maana kubwa katika mjadala huu.

Mabinti nao wasisahauliwe. Kule Kagera, mazao yalipoharibika wavulana waliongezewa kazi za shamba na wasichana wakaongezewa kazi za nyumbani. Masomo ya wasichana hayakuonyesha hasara ya wazi, lakini uwezekano wao wa kuolewa mapema uliongezeka. Familia inayomkataza binti kibarua cha dukani huku yeye ndiye mpishi, mfuaji na mlezi wa nyumba nzima haijampunguzia kazi yoyote.

Je, mwanafunzi afanye kibarua? Kwa ushahidi uliopo, jibu ni ndiyo yenye masharti. Mwanafunzi aliyefikisha miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi, na wakati bora ni likizo za Juni na Desemba. Wakati wa masomo iwe mwisho wa juma tu, na saa za kibarua zijumlishwe na za nyumbani kabla ya mzazi kukubali. Kazi ya usiku haina nafasi, na mwaka wa mtihani wa taifa kibarua kisimame. Ujira apewe mwenyewe mkononi.

Mzazi au mlezi unayesoma makala haya, chukua karatasi wiki hii uandike, siku kwa siku, saa anazofanya kazi kila mtoto wako, wa kike na wa kiume. Zikianza kula usingizi au masomo yake, zipunguze kabla ya kufikiria kibarua kingine. Na ukimjua mtoto anayetumikishwa mgodini, baa au kwenye nyumba ya mtu, Huduma ya Simu kwa Mtoto inapatikana kwa namba 116 bila malipo, Tanzania na Kenya.