Kipini, Mlangoni mwa Mto Tana

Msafiri atokaye Garsen kwa njia ya Lamu hufika Witu, kisha huiacha barabara kuu akaelekea baharini, hata auone mto mpana ukimiminika katika bahari. Hapo ndipo Kipini, bandari ndogo ambayo wengi wetu tunaijua kwa samaki wake kuliko kwa historia yake.

Mto huo haukutokea hapo zamani. Maji yaliyopita Kipini yalikuwa ya Mto Ozi, na Tana ulikuwa na mlango wake kusini zaidi. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni ili mitumbwi ya mazao ivuke kutoka Tana hadi Ozi. Mto nao ukaufuata mfereji, ukahama. Hatujui mahali pengine katika pwani yetu ambapo majembe ya wanadamu yameugeuza mto mkubwa namna hiyo.

Hapo jirani pana magofu ya Ungwana, pamoja na msikiti wake wa ijumaa, ambayo James Kirkman aliyachimbua na kuyaandikia kitabu kilichotoka mwaka 1966. Wenyeji husimulia kuwa Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi zetu, amezikwa Kipini. Wakati wa Mwingereza palikuwa makao ya mkuu wa wilaya. Leo serikali iko Hola, na Kipini imebakiwa na bahari.

Na bahari hiyo ina neema. Mto huleta tope na rutuba, mikoko huwalea kamba wachanga, nao wakikua hutoka kwenda Ghuba ya Ungwana. Kwa sababu hiyo ghuba hii ndiyo iliyozivuta meli za kukokota nyavu, ambazo wavuvi huziita trola. Zilikuwa zikisogea karibu na pwani, zikikata majarife ya wanyonge na kutupa samaki wadogo wakiwa wamekufa. Malalamiko yalipozidi, serikali ilizisimamisha mwaka 2006. Zikarudi mwaka 2011 chini ya kanuni mpya zenye msimu wa kufungwa. Wavuvi tuliozungumza nao hawakuafikiana iwapo kanuni hizo zinatosha.

Tuliketi nao barazani baada ya swala ya alasiri. Kusi ilikuwa imeanza, mawimbi yakivunjika juu ya mafungu ya mchanga mlangoni mwa mto, na hapakuwa na dau lililothubutu kutoka. Mzee mmoja alituambia kuwa jarife lake lilikatwa usiku mmoja, akakopa kwa tajiri wa samaki apate jingine. Sharti la mkopo lilikuwa kwamba kila atakachovua amuuzie tajiri huyo, kwa bei ya tajiri. Miaka imepita, deni liko vile vile, na wanawe wawili wamekwenda Mombasa kutafuta vibarua.

Akatuuliza: je, mkopo huu ni halali?

Tulimjibu kama tulivyosomeshwa, kwamba mkopo unaomvutia mkopeshaji manufaa yaliyoshartiwa ni mlango wa riba, hata kama hapana senti iliyoongezwa juu ya deni. Arejeshewe alichokopesha, na samaki wauzwe kwa bei ya soko.

Tajiri mwenyewe alikuwapo pale barazani, na hatukulijua hilo mpaka wenzake walipomtazama. Hakujibu neno. Aliinuka, akavaa viatu, akaenda kupima kamba wake kabla jua halijatua.