Somo la afya na utunzaji Uingereza: Mzazi, fahamu milango linayofungua na isiyofunguka

KILA mwaka wanafunzi wa Uingereza wanaomaliza mtihani wa GCSE wakiwa na umri wa miaka 16 hutakiwa kuchagua watakachosoma kwa miaka miwili inayofuata. Mojawapo ya masomo yaliyo mbele yao ni Afya na Utunzaji wa Jamii.

Kwa familia za Wakenya wanaoishi huko, ambazo wazazi wake wengi wameajiriwa hospitalini na katika nyumba za kutunzia wazee, somo hili si geni masikioni. Hata hivyo, wazazi wengi hulielewa visivyo.

Wapo wanaolidharau wakidhani ni la watoto walioshindwa na sayansi. Wapo pia wanaoamini kwamba mtoto akilimaliza atakuwa muuguzi, au hata ataingia chuo cha udaktari. Pande zote mbili zimekosea, na kosa hilo laweza kumgharimu kijana miaka miwili ya maisha yake.

Hatua inayozungumziwa hapa ni ile ya kidato cha sita, ambayo hapa Kenya iliondolewa na mtaala wa 8-4-4. Mtihani wa mwisho wa A-Level nchini ulifanywa 1989. Nchini England, kijana hulazimika kuendelea na masomo au mafunzo ya aina fulani hadi atimize umri wa miaka 18.

Vyeti si vya aina moja

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba somo hili hutolewa kwa vyeti tofauti. Nchini England, A-Level ya Afya na Utunzaji wa Jamii ilikomeshwa mwishoni mwa muongo uliopita, ingawa Ireland Kaskazini bado inaitahini.

Cheti kilichozoeleka zaidi England ni BTEC. Kile kikubwa hulingana na A-Level tatu na huchukua muda wote wa mwanafunzi. Kile kidogo hulingana na A-Level moja, na husomwa sambamba na masomo mengine kama vile Biolojia au Saikolojia.

Kuanzia Septemba 2021 kuna pia T Level ya Afya, ambayo humtaka mwanafunzi afanye kazi kwa saa zisizopungua 315 hospitalini, katika zahanati au kituo kingine cha utunzaji.

Serikali ya Uingereza imekuwa ikipunguza ufadhili wa vyeti vinavyofanana na T Level, na Oktoba 2025 ilitangaza mpango wa vyeti vingine vipya, V Level, kuanzia 2027. Kwa hivyo cheti alichosomea kaka huenda mdogo wake asikipate.

Kuhusu hadhi, hesabu za UCAS, shirika linaloshughulikia maombi ya kujiunga na vyuo vikuu, zinajieleza zenyewe. Mwanafunzi wa BTEC kubwa aliyepata alama ya juu ya D tatu hupewa pointi 144, sawa na mwenzake wa A-Level aliyepata A tatu. Anayedai kwamba huu ni mkondo wa wajinga hajaziona hesabu hizo.

Yanayofundishwa

Mwanafunzi hujifunza jinsi mwili ulivyoundwa na unavyofanya kazi, jinsi binadamu anavyokua tangu kuzaliwa hadi uzeeni, namna ya kuzuia maambukizi, na haki za mgonjwa. Husoma pia sheria, kama ile ya 2005 kuhusu watu wasioweza kujiamulia mambo, na ile ya 2010 kuhusu usawa.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mengi katika mafunzo haya yalitokana na misiba. Mmojawapo ni wa Victoria Climbié, msichana wa miaka minane kutoka Ivory Coast ambaye wazazi wake walimkabidhi jamaa ili akasome Ulaya. Alifariki London Februari 2000 baada ya kuteswa na jamaa huyo na mpenzi wake. Wote wawili walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka uliofuata.

Tume ya Lord Laming, iliyotoa ripoti 2003, ilibaini kwamba maafisa wa ustawi wa jamii, polisi na wahudumu wa hospitali walikuwa na nafasi nyingi za kumwokoa lakini hawakuzitumia. Sheria mpya ya watoto ilipitishwa 2004.

Kutokana na kisa kama hicho, mwanafunzi huelewa kwa nini hufundishwa kuandika kila anachokiona, kuuliza maswali na kutonyamaza anaposhuku kuwa mtoto anadhulumiwa. Hayo si mafunzo mepesi.

Milango iliyo wazi na iliyofungwa

Cheti hiki chenyewe hakimfanyi mtu kuwa muuguzi. Hapa Kenya, mtu anaweza kusajiliwa kuwa muuguzi kwa diploma ya KMTC. England, tangu 2013, wanaoanza mafunzo ya uuguzi husomea shahada, na kabla ya kusajiliwa hutakiwa kutimiza saa 2,300 za mafunzo ya vitendo. Ustawi wa jamii pia huhitaji shahada.

Somo hili hukubaliwa na vyuo vikuu vingi kwa shahada hizo mbili. Ukunga hutegemea chuo, na kwa tiba ya viungo vingi hutaka Biolojia. Kuhusu udaktari, mlango umefungwa kwa anayelitegemea somo hili peke yake, kwani vyuo hutaka A-Level za sayansi, hasa Kemia.

Aidha, kuna suala la karo. Mtoto aliyeingia Uingereza kwa viza ya mzazi kwa kawaida husoma kidato cha sita cha serikali bila kulipa. Lakini afikapo chuo kikuu, asiyekuwa na kibali cha ukazi wa kudumu mara nyingi hutozwa karo ya wageni na hukosa mkopo wa serikali. Familia nyingi hugundua hilo barua ya chuo ikiwa tayari mkononi.

Wala kurudi katika kazi ya utunzaji si njia ya mkato kwa jamaa walioko nyumbani. Tangu Julai 22, 2025, Uingereza haitoi tena viza kwa watunzaji wapya wanaoajiriwa kutoka ng'ambo.

Hivyo basi, kabla ya fomu kutiwa sahihi, mzazi na mwanawe waketi pamoja na kuuliza maswali matatu. Je, kijana anataka kazi gani hasa? Je, chuo anachokilenga kinakubali cheti hiki, na kwa alama zipi? Na je, kibali chake cha ukazi kitamruhusu kupata mkopo?

Jibu la swali la pili hupatikana katika tovuti ya chuo chenyewe na kwa ofisi yake ya usajili. Jibu la kwanza analo kijana, na mzazi hana budi kumsikiliza.