Tilapia na kambale mu bwawa moja: inawezekana?

Ndugu na dada, wengi wetu tumemaliza masomo, kazi hakuna, na tunafikiria kuchimba bwawa la samaki mu bonde. Wazo ni zuri. Lakini mbele ya kununua alevini, tujiulize: samaki gani wanaweza kukaa pamoja, na mimea gani?

Tilapia anazaa upesi sana. Jike anatunza mayai mu kinywa, na kisha miezi michache bwawa linajaa vitoto. Chakula hakitoshi, wote wanabaki wadogo, hakuna mununuzi. Dawa yake ni kambale: anakula vile vitoto. Ila ninashauri aingie akiwa mdogo kuliko tilapia, la sivyo atamaliza hata wale wa kuuza.

Kwa mimea, ile ya faida ni vimea vidogo sana vinavyofanya maji yawe kijani. Tilapia anavila, na samadi kidogo inavikuza. Muingize mkono mu maji: kama kiganja kinapotea maji yakifika kwenye kiwiko, inatosha. Magugu yanayofunika maji muyaondoe, yanazuia mwanga. Kwenye ukuta mupande majani mafupi, si mikaratusi, juu mizizi yake inatoboa ukuta.

Tena kuna baridi. Tilapia anakua vizuri mu maji ya nyuzi 25 mpaka 30. Beni kuna joto. Butembo tuko karibu mita 1,700, anakua polepole. Basi hesabu ya faida ya mwenzako wa Beni, usiichukue vile vile: ongeza miezi kabla ya kukopa makuta.