Retour vers le futur: je, sehemu ya pili na ya tatu zinafikia ya kwanza?

Mtoto akipenda filimu, ujue kesho yake atauliza: "Kuko ya pili?" Siku hizi jibu halikosekani. Muuza filimu anakutilia zote ndani ya fleshi moja, ya kwanza, ya pili na ya tatu, nawe unarudi nyumbani ukifikiri umepata faida. Lakini kila mama aliyekwisha kukaa mbele ya televizyo na watoto anajua kwamba mara nyingi sehemu ya pili ni kama chai iliyotiwa maji tena juu ya majani yale yale. Rangi iko, ladha imekwenda.

Kwetu nyumbani tulitazama tatu zote za Retour vers le futur, Jumamosi tatu zikifuatana. Ni filimu za Marekani, na kwa Kiingereza zinaitwa Back to the Future. Wengi wetu tunazijua kwa sauti za Kifaransa. Ni za kuchekesha, lakini zimejengwa juu ya wazo la sayansi ya kubuni: motokari inayoweza kumpeleka mtu miaka ya nyuma au miaka inayokuja. Ya kwanza ilitoka mwaka 1985, ya pili mwaka 1989, ya tatu mwaka 1990. Aliyeziongoza zote ni Robert Zemeckis, na hadithi aliitunga pamoja na rafiki yake Bob Gale.

Jumamosi ya kwanza, filimu ilipokwisha, binti yangu wa miaka 12 alinigeukia akauliza: "Mama, na wewe ulikuwa hivyo?" Nikajibu mbio: "Mimi? Hapana!" Watoto wote wakacheka, kwa sababu ndivyo alivyojibu mama wa ndani ya filimu. Swali hilo lilinifuata hadi Jumamosi ya tatu. Kwa ajili yake nilianza kuzipima filimu hizi kwa njia nyingine: si kwa ukubwa wa mashine, bali kwa kuangalia yule mama anafanywa nini kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Ya kwanza: mama alipokuwa msichana

Marty McFly ni kijana wa miaka 17 katika mji wa kubuni unaoitwa Hill Valley, kule California. Michael J. Fox ndiye anayemcheza. Baba yake, George, ni mtu mwenye hofu anayeonewa na mkubwa wake wa kazi, Biff. Mama yake, Lorraine, amechoka, anakunywa pombe mezani, na kila siku anawahubiria watoto kwamba yeye katika usichana wake hakumfuata mvulana hata siku moja, wala hakukaa naye ndani ya motokari iliyosimama.

Kuna mzee mmoja mvumbuzi, Emmett Brown, anayeitwa Doc. Ametengeneza mashine ya kusafiri katika wakati ndani ya motokari ya DeLorean. Ikifikia mwendo wa karibu kilometa 142 kwa saa, inaruka na kuingia mwaka mwingine. Kwa bahati mbaya Marty anajikuta tarehe 5 Novemba 1955, mwaka ambao wazazi wake wako shuleni. Anaingilia kati bila kukusudia, na Lorraine, badala ya kumpenda George, anampenda yeye, mtoto wake mwenyewe, bila kujua ni nani. Marty asipowaunganisha wazazi wake, yeye na ndugu zake hawatazaliwa. Ana picha ya familia mfukoni, na watoto ndani yake wanafutika mmoja mmoja.

Hapo ndipo kicheko kikubwa kinatoka. Lorraine wa mwaka 1955 anavuta sigara, ameiba pombe ya mama yake, na yeye ndiye anayemfuata mvulana. Marty ndiye anayeshtuka na kuanza kutoa mahubiri! Lakini filimu haimdharau msichana huyo. Inamwonyesha kuwa mtu mzima kabisa ndani yake: mchangamfu, jasiri, mwenye ndoto. Mtoto anaona kwamba mama yake alikuwa mtu kabla ya kuwa mama. Nasi wamama tunaona namna tunavyojifunika kwa uongo mdogo ili tuheshimiwe, na namna uongo huo unavyowafanya watoto watuone kama mawe.

Kosa moja ninaliona mwishoni. Marty anarudi mwaka 1985 na kukuta wazazi wamebadilika, wanapendana. Hilo ni zuri. Lakini alama ya furaha yao ni nyumba iliyopambwa, nguo nzuri na gari jipya la Marty nje. Crispin Glover, aliyemcheza George, amekwisha kusema kwamba mwisho huo haukumpendeza, kwa sababu unaonyesha kana kwamba tuzo ya mapendo ni fedha. Mimi niko upande wake.

Ya pili: mbio nyingi, watu wachache

Watungaji wenyewe wameeleza kwamba walipomaliza ya kwanza hawakuwa na mpango wa kuendelea. Ile motokari inayoruka angani mwishoni, ikiwabeba Doc, Marty na mchumba wake Jennifer, ilikuwa mzaha tu wa kufungia. Filimu ilipopata fedha nyingi, karibu dola milioni 380 ulimwenguni, mzaha ukageuka kuwa deni. Ilibidi waanze pale walipokuwa wameachia, na msichana yuko ndani ya gari.

Wakamfanya nini Jennifer? Wakamlaza. Doc anampiga kwa kifaa cha kumletea usingizi, na isipokuwa kipindi kifupi anapoamka na kuiona nyumba yake ya miaka inayokuja, analala karibu filimu nzima ya pili, na katika ya tatu anaendelea kulala hadi mwishoni. Jambo lenye kugusa moyo liko nje ya filimu: Claudia Wells, aliyemcheza Jennifer mara ya kwanza, hakurudi kwa sababu mama yake alikuwa ameugua kansa, naye akachagua kuwa karibu naye. Nafasi yake ikachukuliwa na Elisabeth Shue, hata ile sehemu ya mwisho ya filimu ya kwanza ikapigwa upya.

Sehemu ya pili inakimbia. Inaanzia tarehe 21 Oktoba 2015, na mbao zinazoelea hewani na motokari zinazoruka. Marty ananunua kitabu chenye matokeo ya michezo ya miaka 50, kuanzia 1950 hadi 2000, akitamani kurudi nacho ili acheze pari. Doc anamkataza. Lakini Biff, ambaye sasa ni mzee, anakichukua, anarudi mwaka 1955 na kujipa mwenyewe akiwa kijana. Hapo dunia inapinduka: Biff anakuwa tajiri, mji unakuwa wake, George ameuawa, na Lorraine ni mke wa Biff.

Wamama, hapa niliacha kucheka. Biff anamsukuma Lorraine chini mbele ya mtoto wake. Anaposema ataondoka, Biff anamwambia atawakatia watoto fedha na kuwatia mashakani. Anabaki. Kisha anamweleza Marty kwamba kosa ni lake yeye, kwamba yule ni mume wake, anawatunza wote, na anastahili heshima. Ni nani kati yetu hajayasikia maneno hayo kutoka kwa jirani, au dada yake? Ni dakika chache tu, na zina ukweli kuliko mbao zote zinazoelea. Lakini filimu haina wakati nazo. Marty anakimbilia kitabu, na huyo Lorraine hatumwoni tena. Mateso yake yametumika kama petroli ya kuendesha mashine.

Nisiinyime haki yake. Marty na Doc wanaporudi mwaka 1955, wanajificha nyuma ya yale tuliyoyaona katika ya kwanza, na kuyatazama kutoka upande mwingine. Huo ni ufundi mkubwa, na watoto wangu walipiga makofi. Tena kwa wamama wenye vijana wanaopoteza fedha zao katika pari ya mpira, hadithi ya kile kitabu ni somo zuri: yule anayejua matokeo yote bado hana amani, na watu wote wanaomzunguka wanaharibika.

Ya tatu: mwalimu anashuka kwenye treni

Ya pili na ya tatu zilitengenezwa kwa mfululizo mmoja. Ya tatu inakwenda mwaka 1885, wakati wa farasi na bastola, ambako Doc ametupwa na radi. Mwendo wake ni wa polepole, na mapato yake yalikuwa madogo kuliko ya zote, karibu dola milioni 245, wakati ya pili ilipata zaidi ya milioni 330. Mtu akipima kwa fedha atasema ngazi inashuka. Mimi nasema hapa inapanda tena.

Kwanza, kwa sababu mwanamke anapata nafasi. Clara Clayton, anayechezwa na Mary Steenburgen, ni mwalimu mpya wa shule. Angekufa korongoni na farasi wake, lakini Doc anamwokoa, na wanapendana kwa kuzungumza juu ya nyota na vitabu vya Jules Verne. Doc anapomweleza ukweli kwamba ametoka miaka inayokuja, Clara anafikiri anadanganywa ili aachwe, anampiga kofi na kuondoka. Lakini anapotambua kwamba Doc hakumdanganya, ni yeye mwenyewe anayesimamisha treni, anachukua farasi na kumfuata. Hajalazwa usingizi. Anaamua. Mwishoni tunawaona wakiwa na watoto wawili, Jules na Verne.

Pili, kwa sababu Marty anajifunza kitu. Tangu sehemu ya pili tunaona udhaifu wake: akiitwa mwoga, akili inatoka. Katika ya kwanza udhaifu huo haukuwako, umeshonewa baadaye kama kiraka, na mshono unaonekana. Lakini katika ya tatu kiraka hicho kinafunika mwili. Mzee wa ukoo wake, Seamus, anamweleza juu ya ndugu yake aliyeuawa kwa kisu kwa sababu hakuweza kuvumilia kuitwa hivyo. Marty anaporudi kwao na kijana mwenzake kumchokoza washindane kwa magari, anakataa. Kwa kukataa kule anaepuka ajali ambayo ingemvunja mkono na kumnyima muziki wake.

Tatu, kwa sababu inasahihisha mwisho wa ile ya kwanza. Treni inaponda motokari ya DeLorean vipandevipande. Hakuna gari la ajabu tena. Kinachobaki ni neno la Doc kwa vijana wale wawili, kwamba mambo yao ya kesho hayajaandikwa bado, na ni wao watakaoyatengeneza.

Uamuzi wangu

Hakuna inayofikia ya kwanza. Ile imekamilika, na ungeweza kuitazama peke yake bila kupungukiwa. Ya pili ni daraja: unapita juu yake, hujengi nyumba hapo. Ya tatu inasimama kwa miguu yake, na mama anaweza kuitazama na watoto bila kujuta. Lakini hata hiyo inamwacha Lorraine nyuma. Mchezaji wake, Lea Thompson, anarudi kama Maggie, mke wa Seamus, na kazi yake kubwa ni kubeba mtoto na kuwa na wasiwasi.

Kwa umri: katika ya kwanza kuna watu wenye bunduki wanaompiga Doc, na kuna kijana anayetaka kumlazimisha msichana ndani ya motokari. Kaeni pamoja na watoto hapo, msiende jikoni. Ya pili naiweka kwa walio na miaka 12 na zaidi, kwa sababu ya yale yanayompata Lorraine. Ya tatu ina bastola nyingi lakini moyo mwepesi.

Na binti yangu? Jumamosi ya tatu, walipokwenda kulala wadogo zake, nilimwita. Nikamwambia kwamba nilipokuwa na umri wa kumzidi yeye kidogo nilimwandikia mvulana barua, nikaificha ndani ya daftari la hesabu, na mama yangu akaipata. Akauliza: "Bibi alifanya nini?" Nikamwambia: "Alinichapa. Lakini hakuniuliza kitu." Akanyamaza kidogo. Kisha naye akaanza kuniambia jambo la shuleni ambalo sikulijua. Hilo ni lake na langu, sitaliandika hapa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni jambo gani la usichana wetu tunalowaficha binti zetu? Lipi lingewasaidia kama wangelijua?

2. Lorraine anasema kosa ni lake. Jirani yako akisema hivyo, wewe unamjibu nini?

3. Kijana wako akichokozwa kwa jina la mwoga, anafanya nini? Nani amemfundisha hivyo?