Marumaru si itale: jina la jiwe na matunzo yake

Mafundi niliowasikia Uvira, toka Kavimvira hadi Kalundu, huliita kila jiwe la jikoni linalong'aa kwa jina la Kifaransa la marumaru. Dar es Salaam nako, "marumaru" limeenea hadi kwenye vigae vya sakafuni. Maneno hayo mawili ni ndugu: la Kifaransa lilipitia Kilatini, letu lilipitia Kiarabu, yote chimbuko lake Kigiriki. Kamusi zinatupa "itale" kwa jiwe lile jingine, lakini ni nani analitamka dukani?

Mchanganyiko huo unagharimu. Marumaru ni kaboneti ya kalsiamu: ndimu ikilidondokea, inalila na kuacha alama iliyofifia. Itale ni kwatzi, felspa na mika, na ndimu hailiwezi kirahisi. Jina lake la Ulaya limetoka katika neno la Kilatini la punje, na punje hizo ndizo za kutazamwa: zikionekana zimeshikamana, za rangi mbalimbali, hilo ni itale. Mwenye shaka adondoshe ndimu ukingoni, pasipoonekana, asubiri dakika chache, apanguze. Pakififia, ni marumaru.

Kwetu ziwa linaongeza tatizo. Maji ya Tanganyika yana pH karibu 9 na magnesiamu nyingi. Yakikauka juu ya jiwe huacha utando mweupe, na mkono huenda moja kwa moja kwenye ndimu. Juu ya itale ndimu huchakaza dawa ya kuziba vinyweleo. Juu ya marumaru ni uharibifu mtupu. Afadhali kupanguza kwa kitambaa kikavu kabla maji hayajakauka. Nasema kupanguza, si kusugua: mchanga unaong'arisha sufuria una kwatzi ileile iliyo ndani ya itale, kwa hiyo unalikwaruza.

Lakini adui mkubwa wa itale hapa ni mawese. Jiwe hilo lina vinyweleo vidogo sana, nayo mafuta huzama humo. Dondosha maji safi, subiri dakika 15. Jiwe likigeuka jeusi chini ya tone, dawa imekwisha na lipakwe upya. Doa la mawese lipakwe uji mzito wa bikaboneti na maji, lifunikwe kwa plastiki usiku kucha, kisha lioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. La zamani huhitaji kurudiwa mara mbili, tatu.