Jalala Likifungwa Halifi: Daftari la Zahanati na Uwajibikaji katika Bukoba na Muleba

Katika nyumba ya jadi ya Wahaya, vitu vya kutupwa vilikuwa vichache. Maganda ya ndizi, majivu ya jikoni, samadi ya ng'ombe na nyasi zilizochakaa baada ya kutandikwa sakafuni vyote vilirudi kibanjani kulisha migomba. Udongo wa vilima vya Bukoba na Muleba, ambao kwa asili ni mchache wa rutuba na una tindikali nyingi, ulipata uhai kwa desturi hiyo ya vizazi vingi. Kilichotoka nyumbani kiliingia shambani, na kilichotoka shambani kilirudi mezani.

Mzunguko huo ungalipo, lakini vilivyomo ndani yake vimebadilika. Siku hizi pamoja na maganda ya ndizi zipo betri za tochi, makopo ya rangi, mabaki ya simu, chupa za viuatilifu na plastiki za kila namna. Katika mialo ya Muleba, ambako wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa mwanga wa taa, betri zilizokufa ni sehemu ya taka za kila mwezi. Vitu hivi haviozi. Vikiingia kibanjani hudhuru mahali palepale. Vikipelekwa jalalani hungoja mvua.

Jalala nalo lina maisha yake. Hufunguliwa katika bonde au shimo lililochimbwa mchanga au mawe, hutumika kwa miaka, kisha hujaa, au nyumba za watu hulifikia, na gari la taka huelekezwa kwingine. Watu husema jalala limefungwa. Mara nyingi lililofungwa ni njia ya gari tu. Taka zenyewe zimebaki, bila tabaka la udongo wa kuzifunika, bila mfereji wa kuzuia maji, bila uzio na bila bango. Baada ya miaka michache majani huota juu yake, mbuzi hulishwa hapo, na pengine mtu huuziwa kiwanja.

Kinachoendelea chini ya udongo

Bukoba ni miongoni mwa miji ya Tanzania inayopata mvua nyingi zaidi, takriban milimita 2,000 kwa mwaka, karibu maradufu ya Dar es Salaam. Maji ya mvua yanapopenya katika taka huchukua uozo, chumvi, nitrati na metali nzito kama madini ya risasi, kadimi na zebaki. Hutoka chini yakiwa maji meusi yenye uvundo, ambayo katika makala haya yataitwa maji ya jalala. Tindikali inayotokana na uozo wa miaka ya kwanza husaidia kuyeyusha metali hizo. Jalala lililojengwa kitaalamu huwa na tabaka la kuzuia maji hayo yasizame ardhini, na bwawa la kuyakusanya. Shimo la kawaida halina kinga hiyo.

Mahali nalo lina uzito wake. Vijiji vingi vya Bukoba na Muleba vimejengwa juu ya migongo ya vilima, na chemchemi za kuteka maji ziko chini mabondeni. Miamba ya mchanga ya eneo hili ina nyufa ambazo maji hupita. Kwa hiyo kitu kinachotupwa mlimani kinaweza kufika kwenye ndoo ya maji bila mtu yeyote kukiona kikishuka. Mjini Bukoba, Mto Kanoni hupita katikati ya makazi na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria, ziwa ambalo mamilioni ya watu wa Tanzania, Uganda na Kenya hunywa maji yake na kula samaki wake.

Zaidi ya maji, ipo gesi. Taka zinapooza bila hewa huzalisha methani kwa miongo kadhaa. Gesi hiyo hushika moto kwa urahisi, na moto wa jalala unaweza kufuka chini kwa chini kwa wiki nyingi, ukitoa moshi wa plastiki wenye dioksini. Aidha, mlima wa taka ulioloa unaweza kuporomoka. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, jalala la Kiteezi karibu na Kampala liliwaangukia majirani zake na kuua zaidi ya watu 30. Jalala hilo lilikuwa limetangazwa kuwa limejaa miaka mingi kabla ya siku hiyo. Kiteezi iko ng'ambo ya mpaka, katika ukanda uleule wa ziwa.

Ugonjwa usioandikwa jina lake

Anayeishi kando ya jalala la zamani hafiki zahanati akilalamikia jalala. Hufika na mtoto anayekohoa, anayeharisha, au aliyepungukiwa damu. Katika Wilaya ya Muleba, ambayo kwa miaka mingi imekuwa uwanja wa tafiti kubwa za malaria, upungufu wa damu wa mtoto huhusishwa kwanza na malaria au minyoo, na mara nyingi ni sahihi. Lakini sumu ya madini ya risasi nayo hupunguza damu, huleta maumivu ya tumbo, hufunga choo, na humfanya mtoto awe mzito wa kujifunza. Mtoto aliyepimwa malaria mara tatu bila vimelea kuonekana, aliyekwisha kupewa dawa za minyoo na za kuongeza damu bila nafuu, anastahili kuulizwa swali la nne: anacheza wapi, na maji ya kwao yanatoka wapi?

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wake wa mwaka 2021 unaelekeza kwamba mtu mwenye mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita ya damu atafutiwe chanzo na kuondolewa kwenye chanzo hicho. Jijini Nairobi, uchunguzi uliofadhiliwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa na kutolewa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 waliokuwa wakiishi na kusoma karibu na jalala la Dandora. Nusu yao walikuwa na kiwango cha mikrogramu 10 au zaidi. Kabla ya vipimo hivyo, watoto hao walikuwa wagonjwa wa kawaida wa zahanati za kawaida.

Kwa familia, jambo moja ni muhimu kuliko yote. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo, na desturi hiyo isiachwe. Lakini kuchemsha hakuondoi risasi wala nitrati. Maji yanapopungua kwenye sufuria, sumu hizo huwa nzito zaidi. Nitrati nyingi ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, kwa sababu huizuia damu kubeba oksijeni na kumfanya awe na rangi ya buluu mdomoni na kuchani. Chemchemi iliyo chini ya jalala inahitaji kupimwa, na maji ya mtoto yachotwe kwingine hadi majibu yatoke. Maziwa ya mama hubaki kuwa kinga bora.

Mwenye jalala ni nani?

Jalala linapotumika, mwenye nalo anajulikana: ni halmashauri. Likishatelekezwa, kila ofisi huona sehemu yake ndogo tu. Halmashauri ina wajibu wa kukusanya na kutupa taka. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lina mamlaka ya kukagua na kutoa amri ya kurejesha mazingira yaliyoharibiwa. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria inasimamia vyanzo vya maji. Mamlaka za maji, mjini na vijijini, zinahusika na maji yanayomfikia mwananchi. Afisa afya anahusika na kero inayodhuru afya ya jamii. Mwananchi anaweza kuzunguka ofisi hizi zote akipewa jibu lilelile: nenda kwa wale.

Sheria, hata hivyo, haimwachi mikono mitupu. Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 4 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuomba kitendo au uzembe unaodhuru mazingira ukomeshwe, afisa wa umma alazimishwe kuchukua hatua, aliyeharibu arejeshe hali ya awali, na aliyeathirika alipwe fidia. Neno uzembe lina maana kubwa hapa, kwa sababu jalala lililotelekezwa ni jambo ambalo halikufanywa.

Fundisho la Tabata

Wananchi wa Tanzania walikwisha kuijaribu njia hiyo kabla hata ya sheria ya mwaka 2004. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, wakiongozwa na Joseph Kessy, waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa Shauri la Madai Namba 299 la mwaka 1988, wakilalamikia moshi, harufu na madhara ya afya kutokana na jalala la mtaani kwao. Walishinda. Jiji liliamriwa liache kutupa taka pale na litafute mahali pasipodhuru watu. Badala yake liliomba kuongezewa muda, kisha likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa. Alishangazwa na chombo cha umma kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha, na akaihusisha hali hiyo na haki ya kuishi iliyo katika Katiba.

Gari la taka likahamia Kunduchi Mtongani, eneo lililopangwa kwa makazi. Huko nako Festo Balegele na wenzake 794 walikwenda mahakamani, katika shauri Namba 90 la mwaka 1991, na Mahakama Kuu ikazuia utupaji. Taka zikaendelea na safari: Vingunguti, Mtoni, hatimaye Pugu. Ushindi wa Tabata na Kunduchi ulikuwa wa haki na wa kishujaa. Lakini kesi hizo zilihusu kulizuia gari lisije kesho. Suala la nani atayatunza mashimo yaliyoachwa nyuma halikupata mtetezi wa namna hiyo. Nchini Marekani, mwendeshaji wa jalala la taka za mijini hutakiwa kulikagua na kupima maji ya chini yake kwa miaka 30 baada ya kulifunga. Hicho ndicho kipimo cha neno kufunga.

Daftari kama ushahidi

Njia ya mahakamani leo ina milango zaidi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aeleze kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, na anayetaka kuishtaki halmashauri anatakiwa kutoa notisi ya siku 90. Kusema kwamba jalala linatudhuru hakutoshi. Inatakiwa kujulikana ni nani, lini, na kwa ugonjwa gani. Maelezo hayo yanapatikana mahali pamoja tu katika kata nyingi za Bukoba na Muleba: zahanati.

Historia ina mfano. Katika mtaa wa Love Canal mjini Niagara Falls, Marekani, nyumba na shule zilijengwa juu na kando ya mfereji uliofukiwa kemikali hadi mwaka 1953. Mwaka 1978 akina mama wa mtaa huo, wakiongozwa na Lois Gibbs, walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza magonjwa na kuyaweka alama kwenye ramani. Alama hizo zilifuata njia za zamani za maji. Maafisa waliwadharau mwanzoni, lakini familia zilihamishwa, na mwaka 1980 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kusafisha maeneo yaliyotelekezwa na kuwabana waliohusika.

Mhudumu wa afya wa Kagera hahitaji kuanzisha daftari jipya. Rejesta ya wagonjwa wa nje, Kitabu Namba 5 cha MTUHA, tayari ina nafasi ya makazi ya mgonjwa. Kuandika kitongoji kwa usahihi badala ya jina la kata tu, kuhesabu kila robo mwaka wagonjwa wa kifua, kuhara na upungufu wa damu kwa kitongoji, na kupeleka hesabu hiyo kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kwa barua yenye tarehe na nakala, ni kazi ndogo yenye nguvu kubwa. Siri ya mgonjwa hubaki salama, kwa kuwa kinachopelekwa ni idadi, si majina. Hesabu hiyo haithibitishi kwamba jalala ndilo chanzo. Inatoa sababu ya kudai vipimo vya maji na udongo, ambavyo vinaweza kufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza.

Nidhamu hiyo ianzie nyumbani kwa mhudumu mwenyewe. Kila zahanati na hospitali ina shimo lake la taka, na majivu ya tanuri la kuchomea taka yana metali. Mlipuko wa Marburg wa mwaka 2023 katika Wilaya ya Bukoba, uliogusa watu 9 na kuua 6, wakiwemo wahudumu wa afya miongoni mwa walioambukizwa, uliukumbusha mkoa mzima kwamba taka za hospitali si taka za sokoni. Shimo la zamani la kituo lisilo na mfuniko, alama wala kumbukumbu ni jalala lililotelekezwa pia, na kituo hakiwezi kuidai halmashauri kile ambacho chenyewe hakijafanya.

Kwa wananchi, hatua ya kwanza ni kamati ya mazingira ya kijiji au mtaa. Lalamiko liandikwe, litaje mahali na tarehe, na nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Watoto wazuiwe kuokota vyuma na betri jalalani, mboga zisilimwe juu yake, na betri zisiingie kibanjani. Na mzazi anapofika zahanati, aseme bila kuulizwa kwamba anaishi karibu na jalala la zamani. Mhudumu akiiandika sentensi hiyo, itabaki daftarini siku ambayo ofisi zote zitasema hazikuwahi kuambiwa.