Marejeo ni Ngamani: Ufadhili wa Safari za Masomo na Kuifahamu Dunia

Ufadhili wa safari za masomo ni msaada wa fedha unaotolewa na serikali, taasisi au chuo kikuu ili mwalimu au mwanafunzi aishi katika nchi nyingine kwa muda maalumu, asome au afundishe huko, kisha arudi kwao na ujuzi ambao vitabu peke yake visingempa. Mara nyingi msaada huu haulengi shahada; unalenga kumwezesha mtu kuifahamu jamii ngeni kwa kuishi ndani yake.

Mmoja wa mipango mashuhuri ya aina hii ni Fulbright wa Marekani, ulioanzishwa kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Harry Truman tarehe 1 Agosti 1946. Mwasisi wake, Seneta J. William Fulbright wa jimbo la Arkansas, alikuwa amesoma Oxford, Uingereza, kwa ufadhili wa Rhodes katika miaka ya 1920. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Marekani ilibaki na shehena kubwa za mali za kijeshi ng'ambo, lakini nchi zilizozihitaji hazikuwa na dola za kuzinunulia. Ndipo ikaruhusiwa zilipe kwa sarafu zao wenyewe, na sehemu ya fedha hizo itumike humo humo kugharimia wasomi na wanafunzi wanaobadilishana nchi. Kwa njia hiyo masalio ya vita yaligeuka kuwa nauli na karo. Mwaka 1961 sheria nyingine, iitwayo Fulbright-Hays, ilipanua kazi hiyo, na chini yake walimu wa shule za Marekani wamehudhuria semina za wiki chache nchi za nje, huku makundi ya wanafunzi wa vyuo vikuu yakifika Tanzania kujifunza Kiswahili miongoni mwa wanaokizungumza.

Safari hizo haziendi upande mmoja. Lipo tawi la Fulbright la walimu wasaidizi wa lugha za kigeni, ambalo huwapeleka vijana kutoka nchi mbalimbali, zikiwamo Kenya na Tanzania, katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, yaani takriban miezi 9, wakisaidia kufundisha lugha yao na wakati huo huo wakisoma kozi chache. Mwalimu wa namna hiyo hulazimika kueleza mambo ambayo nyumbani hakuna aliyewahi kumwuliza: kwa nini mti huwa mzuri ilhali kitabu huwa kizuri, kwa nini saa 1 asubuhi huhesabiwa tangu macheo, na kwa nini shikamoo haimwelekei kila mtu bali aliyemzidi msemaji kwa umri au heshima. Akitafuta majibu, huanza kuiona lugha yake kama anavyoiona mgeni, na pengine hilo ndilo funzo kubwa kuliko yote anayoyapata ugenini.

Wahenga wa pwani walisema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: baharia azungukaye nyuma na mbele ya chombo hatimaye hurudi sehemu ya chini, yanakokusanyika maji ya kufuliwa. Mipango hii nayo imejengwa juu ya marejeo, na ndiyo sababu wafadhiliwa wengi wa Fulbright kutoka nchi za nje hutakiwa kukaa kwao jumla ya miaka 2 kabla ya kuruhusiwa kupata baadhi ya aina za viza za Marekani. Hata hivyo, sharti la kurudi halitoshi iwapo ratiba ya shule haimwachii mwalimu nafasi ya kutumia alichojifunza, au iwapo tangazo la ufadhili huishia mijini bila kuwafikia walimu wa vijijini. Nauli humsafirisha mtu mmoja tu. Gharama yake hulipika pale wanafunzi wake, ambao wengi hawajavuka mpaka wowote, wanapoanza kuuliza maswali ambayo hapo awali hayakuwapo darasani.